Meza ya Mfalme na Uwanja wa Ngoma



Kila mwaka ifikapo Juni, Sherehe ya Ekaristi Takatifu inapokaribia, sisi wa Kigongo huanza kuulizana nani atakwenda Bujora. Bulabo ni tunu ya Kanisa la Usukumani. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye katika miaka ya 1950 aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, hakuona sababu ya kuitenga ngoma na maandamano ya Ekaristi. Ndiyo maana Wagika na Wagalu wanaingia uwanjani wakishindana, majembe ya bugobogobo yanarushwa juu na kudakwa, na wacheza nyoka wanawakimbiza watoto wanaojidai mashujaa.

Kwa desturi, mashindano ya ngoma za Kisukuma yana hukumu ya namna yake. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, na watazamaji huchagua kwa miguu yao: aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. (Tangu enzi za Ngika na Gumha, waasisi wa pande hizo, dawa za kuvutia watu zimetumainiwa pengine kuliko mazoezi. Hilo nitaliandikia siku nyingine.) Lakini asiyeweza kutembea atachaguaje? Atabaki pale alipowekwa, naye atahesabiwa kuwa mshabiki wa yeyote aliyetokea kucheza mbele yake.

Yupo baba mmoja katika jumuiya zetu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu. Alikwenda kwenye ngoma pamoja na wanawe, na mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyemsukuma. Uwanja ulikuwa na mchanga, watu walisimama safu kwa safu, na mtoto yule akazunguka mchana kutwa akitafuta upenyo. Baba aliona migongo ya watu. Mtoto aliona mgongo wa baba yake. Safari iliyofuata baba alisema hajisikii vizuri, akawapa watoto nauli, akabaki nyumbani kungoja wamsimulie. Kinachonisumbua ni kwamba sasa watoto hawamwombi tena awasindikize. Wamekwisha kujifunza kwamba furaha ni jambo la huko nje, na baba ni mtu wa nyumbani.

Najua jibu letu la haraka: wenye ulemavu wakae mbele, chini ya turubai, karibu na wageni rasmi. Nia ni njema, ila mara nyingi watoto huambiwa wakae kule na wenzao, na mzazi anabaki peke yake miongoni mwa wakubwa asiowafahamu. Yeye hakwenda pale kama mgonjwa. Alikwenda kama baba.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli (2Sam 9:1-13), mfalme Daudi anamtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili. Hamtumii chakula nyumbani, jambo ambalo lingekuwa rahisi. Anamleta mezani pake, ale daima pamoja na wana wa mfalme. Na Maandiko yanataja jambo tunalolipita upesi: Mefiboshethi alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Kiwete huyo alikuwa mzazi.

Serikali nayo imekwisha kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 30 haki ya watu wenye ulemavu kushiriki utamaduni na burudani, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikafuata. Hata kivuko, ambapo abiria walishuka garini na kuingia kwa miguu, hakiwazuii tena ndugu wa Busisi: daraja la kilomita 3 lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Mita mia moja za mwisho, kutoka garini hadi uwanjani, ndizo zetu.

Basi, Jumapili hii baada ya Misa ya pili, viongozi wa UWAKA, WAWATA na VIWAWA wabaki kanisani. Tunahitaji vijana sita wenye nguvu watakaopokezana kusukuma, ili watoto wawe watoto siku hiyo, na mzazi aweze kuhama kutoka kwa Wagika kwenda kwa Wagalu kila apendapo. Kwa mama zetu wasioona, tunatafuta watu wenye ufasaha wa kueleza kinachochezwa. Maneno ya malenga watayasikia wenyewe, pengine kuliko sisi. Mtu mmoja atangulie kuangalia choo na njia. Baiskeli zitapakiwa garini bila nauli ya mzigo, hilo nitazungumza na dereva mwenyewe.

Wenyeviti wa jumuiya waniletee majina ya familia, pamoja na idadi ya watoto.

Padre wenu.