Umbali wa Entebbe na Mogadishu

Mke wa askari hujifunza jiografia bila kukusudia. Mimi niliisoma mwaka 2012, mume wangu alipokwenda Somalia kuungana na jeshi la Umoja wa Afrika. Askari wa Uganda walikuwa Mogadishu tangu Machi 2007.

Jioni moja mwanetu wa darasa la tatu aliniuliza, "Mama, huko aliko Baba ni mbali kiasi gani?" Nilitaka kumjibu kwamba ni mbali sana, kama tujibuvyo watu wazima tunapotaka kunyamazisha maswali. Nikaona haya. Tukaazima atlasi kwa mama jirani, ambaye mumewe alikuwa huko pia, tukakaa chini na kalamu.

Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye digrii 32 na nusu mashariki. Mogadishu iko digrii 2 kaskazini ya ikweta, kwenye digrii 45 na kidogo mashariki. Tofauti yake ni karibu digrii 13, na katika sehemu hizi kila digrii ni kilometa 111. Tukazidisha, tukaongeza kidogo kwa sababu njia hupanda kaskazini, tukapata kilometa 1,450 hivi. Njia hiyo huivuka Kenya kutoka magharibi hadi mashariki, ndipo iingie Somalia.

Ndege ya jeti hukata kilometa kama 800 kwa saa. Tukihesabu na muda wa kupaa na kutua, safari ni ya saa mbili na robo hivi. Ndege kubwa ya mizigo yenye propela huchukua karibu saa tatu.

Mtoto akatabasamu. "Basi Baba anaweza kuja Jumapili, akarudi Jumatatu!"

Hapo hesabu ilinishinda. Nilimweleza kwamba askari haji kwa kuwa njia ni fupi. Huja akiruhusiwa, na siku yenyewe haitangazwi, hata kwa mkewe.

Atlasi ilitufundisha na jambo jingine. Saa za Uganda na Somalia ni moja, lakini jua huwahi kuzama kwao, dakika nne kwa kila digrii. Kwetu likiwa bado juu ya ziwa, kwao limekwisha kuzama kwa dakika 50 hivi. Tangu siku hiyo mtoto hakungoja giza la kwetu. Ilipofika saa kumi na mbili jioni alisema, "Sasa kwa Baba ni usiku," nasi tukamwombea.

Mume wangu alirudi mwaka 2013, amekonda, lakini mzima. Mume wa jirani yangu alikuwa ametangulia kurudi, kwa njia ile ile na kwa muda ule ule, ndani ya sanduku. Nilipompelekea mama yule atlasi yake hakuipokea. Alisema, "Kaa nayo, dada. Mimi sina tena wa kumpimia."

Ninayo hadi leo. Wake wenzangu, watoto wakiuliza baba yuko umbali gani, wapeni kilometa na saa zake. Hesabu haimleti baba nyumbani, lakini mtoto ajuaye alipo baba yake hulala vizuri kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba ni mbali.