Wageni wa mvua hapa Musonoi

Ukimwuliza mtu wa mbali juu ya Kolwezi, atakujibu shaba na kobalti. Hata sisi wenyewe tukieleza mtaa wetu wa Musonoi, tunaanza na machimbo, vumbi na malori. Wiki hii ninawaomba tutazame kitu kingine: ndege. Sisemi wale wa mbuga ya Upemba, ambao wengi wetu hatujafika kuwaona. Nasema hawa wa kwenye nyaya za umeme, wa kwenye mwembe wa lupango, na wa kwenye matope ya bustani zetu bondeni.

Njiwa na shomoro tunao mwaka mzima. Lakini mvua zikianza mwezi wa kumi, wanaingia wageni. Wa kwanza ni mbayuwayu: mgongo wa buluu unaong'aa, koo jekundu la kahawia, mkia wenye panda mbili. Anakula wadudu akiwa hewani, na hata maji anakunywa akiruka. Wa pili ni mdogo sana, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, anayehangaika katika majani ya miti akitafuta wadudu. Uzito wake ni kama gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Sijui jina lake la Kiswahili. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Wa tatu ni kitwitwi, mwenye miguu mirefu, anayetembea ukingoni mwa maji akichomachoma matope kwa mdomo.

Hawa watatu hawazaliwi kwetu. Wanaangulia mayai Ulaya, na kile kidogo cha gramu 10 pamoja na kitwitwi wanafika hadi kaskazini kabisa ya Norwe na Finlandi, karibu na bahari ya barafu. Huko kuna mji mdogo wa wavuvi uitwao Vardø. Tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari watu wake hawaoni jua hata siku moja. Watoto wanakwenda shule gizani na kurudi gizani. Kisha kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai jua halitui kabisa, na wadudu wanajaa kila mahali. Ndege mzazi anapata saa nyingi mno za kuwatafutia wanawe chakula. Baridi ikirudi, wadudu wanakwisha, naye anasafiri kuja huku ambako mvua inaamsha kumbikumbi na mbu. Kwa maneno mafupi, anafuata sahani ya chakula, kama sisi tunavyofuata soko lenye unga wa bei nafuu.

Watu wa zamani Ulaya hawakuamini safari hiyo. Wengine walidhani mbayuwayu hulala ndani ya matope wakati wa baridi. Mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimvika mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Pete ile ndogo ilimaliza ubishi.

Kuna jambo jingine la kaskazini linalotuhusu sisi wanawake. Katika visiwa vya Vega, pwani ya Norwe, waume walikuwa wakienda baharini kuvua samaki, na wake walibaki na watoto, ng'ombe wachache na bata wa baharini. Kila mwaka, kabla bata hawajaja kutaga, wanawake waliwajengea vijumba vya mawe na mbao, wakawatandikia majani makavu ya baharini, wakawalinda wasiliwe. Bata jike hunyoa manyoya laini ya kifuani mwake kuwafunika mayai. Vifaranga wakishaondoka, wanawake waliyakusanya manyoya hayo, wakayasafisha, wakayauza kwa kujazia mablanketi. Kilo moja ilihitaji viota kama 60. Fedha hiyo ilisaidia nyumba, na bata hakuchinjwa. Mwaka 2004 UNESCO iliviandika visiwa hivyo katika Urithi wa Dunia, na ikataja wazi mchango wa wanawake.

Sisi hatuna bata wa manyoya. Lakini ndege waliolindwa na watu wa huko wanakuja kukaa kwetu miezi sita, na huku wanakutana na manati na ulimbo vya watoto wetu. Wanakuta pia miti inapungua kila mwaka kwa ajili ya makala. Na mto Musonoi, unaopeleka maji yake Lualaba, kwa miaka mingi umebeba mabaki ya madini bondeni mwake. Kitwitwi anakula vijidudu vya matope. Mtoto wako anacheza katika matope yaleyale, na lengalenga zinamwagiliwa maji yaleyale. Basi tusikosee: kuona ndege mtoni hakuthibitishi kwamba maji ni salama. Madini yaliyoyeyuka hayaonekani kwa macho, na kuchemsha hakuyaondoi. Lakini mahali ambapo zamani palijaa ndege na sasa pako kimya, hapo tuulize maswali kwa sauti, kwa pamoja, si kila mmoja jikoni kwake.

Tunaweza kuanza na machache. Katika lupango tuache angalau mti mmoja usiokatwa. Tuwanyang'anye watoto manati bila kuwapiga, tuwape daftari badala yake: tarehe, ndege aliyeonekana, mahali alipoonekana. Mtoto anayejua kwamba kile kidege cha gramu 10 kimepita jangwa la Sahara kuja kwenye mwembe wao hatakirushia jiwe kwa urahisi. Na kila kikundi kichague mama mmoja wa bonde, aandike mwaka hadi mwaka ni lini mbayuwayu wa kwanza alifika, na ni sehemu gani za mto ndege wamezihama. Siku tutakapoitwa kwenye mkutano juu ya maji yetu, tutaingia na daftari mkononi.

Mwezi wa nne wageni wanaanza kuondoka. Tukianza kuandika sasa, tutajua ni wangapi watarudi.