Kafi Lenye Alama

Wengi wetu tuishio mijini tunamjua samaki kuanzia sokoni. Tunamkuta juu ya meza, tunabishana bei, tunambeba nyumbani, na hapo ndipo habari yake huishia. Ni nadra mtu kuuliza samaki huyo alivuliwa kwa chombo gani, tena alikuwa na umri gani alipovuliwa. Mimi nami ningekuwa mmoja wa hao, kama si mjomba wangu wa Biharamulo, mvuvi wa mshipi, aliyenionyesha uvuvi usio na haraka wala kelele: kuvua kwa kuuachia mtumbwi uchukuliwe na upepo.

Mimi ni mzaliwa wa Ngara. Kwetu ni nchi ya vilima, migomba na mito. Ruvubu huingia kutoka Burundi na kukutana na mto utokao Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo; kuanzia hapo Kagera huzunguka mbali upande wa kaskazini kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mtoto wa Ngara hujifunza kuvua ukingoni mwa mto. Yeye husimama, akatupa ndoano, na maji ndiyo yanayosafiri. Ziwani mambo hugeuka: maji hutulia, mvuvi ndiye anayesafiri.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu katika likizo ya mwaka 2009. Nilipita Lusahunga na mji wa Biharamulo hadi Nyamirembe, bandari ndogo ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Biharamulo, na ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita. Mjomba alikuwa na mtumbwi wa mbao wenye mlingoti mmoja na tanga lililoshonwa kwa viraka. Mashine hakuwa nayo, wala hakuilalamikia. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kuelekea ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka kurudi pwani. Kwa hiyo mjomba alitweka tanga kabla ya mapambazuko, akarudi alasiri, bila kununua hata lita moja ya petroli.

Tulipofika mbali kidogo, alitua tanga na kuuacha mtumbwi ukae ubavu kwa upepo. Kisha akatumbukiza majini ndoo iliyotobolewa matundu, imefungwa kwa kamba, ili iuzuie mtumbwi usiende mbio. Mishipi aliishusha upande ule utokako upepo. Nilipouliza sababu, alinijibu, "Mjomba, ukiishusha upande wa pili, mtumbwi utaupanda mshipi wako mwenyewe." Tangu hapo kazi ilikuwa kushika mshipi kwa vidole viwili, kuuinua polepole, kuulegeza uzame, na kuuinua tena. Watu wa Pwani wana neno kurambaza, yaani kuvua kwa mshipi unaokokotwa na chombo kinachokwenda. Huu wa mjomba ni ndugu yake, ila hapa aendeshaye ni upepo peke yake.

Chambo chake hakikuwa na uhai. Kilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimechongwa kwa wembe kama samaki mdogo mwenye mkia mwembamba, na kuzungushiwa karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara. Kilipovutwa kilitikisika kama dagaa aliyeumia. Hapo ndipo penye siri ya chambo bandia. Sangara ni samaki mlaji wa samaki wenzake, na mlaji huyo hamchagui mwenye nguvu, humfuata anayeyumba. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, ambaye naye aliliona jambo hilo hilo katika maziwa ya kwao. Mwaka 1936 alichonga chambo cha gome laini la mti, akakifunika kwa karatasi ing'aayo iliyofungiwa chokoleti. Chambo kinachobeba jina lake kimeenea ulimwenguni, na wageni wapendao kuvua sangara kwa burudani hukitumia hata katika Ziwa Victoria. Mjomba hakupata kumsikia mtu huyo. Mahitaji yao yalikuwa mamoja, na akili zao zikafika mahali pamoja.

Siku hiyo tulikuwa watatu: mjomba, mimi, na mwanawe aliyekuwa amemaliza shule ya msingi. Jua lilikwisha kupanda sana tulipopata samaki wa kwanza. Mjomba alimlaza juu ya kafi lake, ambalo lilikuwa limekatwa alama kwa kisu sentimita 50 kutoka nchani. Mkia wa samaki haukuifikia alama. Bila neno akamng'oa ndoano na kumrudisha majini.

Kijana alikasirika. "Baba, nyumbani hakuna mboga, na mgeni tunaye. Wenzetu wa kokoro wamekwisha kujaza matenga."

Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Wamejaza watoto. Huyu akizaa, wewe utavua. Nikimla leo, utavua nini?"

Sikusema neno, kwa maana wote wawili walikuwa na haki. Njaa ya leo ni ya kweli; si hadithi. Na sheria nayo ina maana yake. Sangara asiyefika sentimita 50 hakubaliwi kuvuliwa, kwa kuwa aghalabu bado hajazaa hata mara moja. Kokoro, lile juya linalokokotwa hadi ufukoni, limekatazwa kwa sababu hukomba maji ya kina kifupi, mahali ambapo samaki wachanga hukulia. Wavu huo hauulizi umri. Mshipi una fadhila moja: samaki huja mmoja mmoja, akiwa hai, na mvuvi hupewa nafasi ya kuamua.

Ziwa hili limekwisha kutuonyesha jinsi lilivyo jepesi kubadilika. Sangara si mwenyeji wa humo. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na aina nyingi za furu, waliokuwa mboga ya wazee wetu, zikatoweka. Baadaye vilikuja viwanda vya minofu. Nyama nzuri ikasafirishwa ng'ambo, na watu wengi wa ufukoni wakabaki na mapanki. Leo sangara mwenyewe ndiye anayehitaji kuhurumiwa, kwani jamaa nyingi humtegemea kwa karo, dawa na mabati ya nyumba.

Alasiri, upepo ulipogeuka, tulipata sangara mmoja mkubwa aliyeizidi alama kwa zaidi ya shibiri moja. Nusu iliuzwa, nusu ikapikwa. Kijana alikula bila kuzungumza, na mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi katika kokoro. Hakukaa sana. Juya la tajiri wake lilikamatwa katika doria likachomwa moto, naye akarudi nyumbani bila ujira. Siku hizi ana mtumbwi wake, wenye mashine, na huvua kwa ndoano kubwa. Mzee amekwisha kufariki. Mashine haihitaji kafi kila siku, lakini kafi lile limo mtumbwini, na alama yake imekatwa upya.

Ndugu msomaji, wewe na mimi hatuna mtumbwi, lakini kokoro haliendeshwi na mvuvi peke yake. Huendeshwa pia na mnunuzi. Sangara mchanga hufika sokoni kwa sababu yupo mtu anayemnunua kwa kuwa ni rahisi. Dagaa ni samaki mdogo kwa maumbile yake, naye tumle bila wasiwasi. Ama sangara, tumtazame vizuri kabla ya kutoa fedha. Watoto wetu nao tuwafundishe kipimo hicho, kwa sababu wao ndio watakaokaa mezani kesho.