Sawa kwa Macho

Jicho ni jepesi kuhukumu umbo, lakini ni zito kujua kazi. Hukiona kitu kikiwa kimesimama, likakitia kasoro palepale, ilhali kitu chenyewe kilitengenezwa kionekane chema kikiwa kazini. Somo hili sikulipata katika kitabu, wala katika darasa ninalofundisha. Nililipata katika pikapu.

Nilikuwa na umri wa miaka 41, na shahada yangu ya udaktari ilikuwa bado mpya masikioni mwangu kila nilipoitwa kwayo, nilipojinunulia Toyota Hilux ya mwaka 2002. Ilikuwa imekwisha kutumika, lakini injini yake ilikuwa na afya njema. Kitu kimoja tu kiliniudhi: mbele yake ilikuwa chini kuliko nyuma. Niliipima kwa utepe, nikaona upinde wa bodi juu ya gurudumu la mbele umepungukiwa sentimita 5 na ule wa nyuma. Ikisimama katika uwanja wa chuo ilikuwa kama mtu aliyeinama kutafuta sarafu iliyomponyoka. Magari ya vijana kando yake yalisimama sawasawa, vifua mbele. Nikaona haya kwa ajili ya chuma.

Nilikwenda kwa fundi. Alinieleza kwamba katika pikapu nyingi za siku hizi, ambazo mbele zina springi za kuzunguka, huwekwa pete nene ya chuma juu ya kichwa cha springi ili mwili wa gari unyanyuke. Yangu ilikuwa ya namna nyingine: magurudumu yake ya mbele yalibebwa na fimbo mbili za chuma ambazo husokoteka gurudumu linapopanda, na kila fimbo ina bolti mwishoni. Ukiikaza bolti, gari huinuka.

"Kazi ya nusu saa, Dokta," alisema. Kisha akauliza, "Unabeba mizigo?"

"Mara moja moja," nilijibu. Alinitazama kidogo, akachukua spana.

Siwezi kukana kwamba ilipendeza. Niliizunguka mara tatu. Mstari wa ubavu wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari, nami nilirudi nyumbani polepole ili nionekane.

Juma halikuisha kabla ya malipo ya uzuri huo kuanza kudaiwa. Kila nilipovuka tuta, gurudumu la mbele liliposhuka upande wa pili, nilisikia chuma kikigonga chuma. Nilidhani fimbo zimekuwa ngumu kwa kukazwa. Sivyo: ugumu wa fimbo umo katika unene wake, urefu wake na aina ya chuma chake, na bolti haiongezi wala haipunguzi. Kilichobadilika ni mahali pa gurudumu. Gurudumu hupewa nafasi mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Mimi nilikuwa nimeitumia nafasi ya kushuka kununulia kimo. Basi kila shimo lilipolitaka gurudumu lishuke, lilifika mwisho wa safari yake upesi, likagota. Viungo vya mikono ya magurudumu vilifanya kazi vikiwa vimepinda, na tairi zikaanza kulika upande mmoja hata nilipokwenda kupimiwa alaimenti.

Mwezi uliofuata nilikwenda Muheza kumchukua mama yangu nimpeleke kwa tabibu mjini Tanga, kwa maumivu ya mgongo. Katika barabara ya vumbi itokayo nyumbani kwake, aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Mwanangu, gari hili umelifanya nini? Zamani lilinibeba. Leo linanirusha."

"Nimelifanya liwe sawa, Mama."

"Sawa kwa nani?"

Sikuwa na jibu, nami ni mtu ninayelipwa kwa kujibu.

Jioni, baada ya kumrudisha Mama, nilipakia magunia ya machungwa, nikashika njia ya Dar es Salaam. Kwa uzito ule nyuma ya pikapu ilididimia, na mbele iliyokuwa sawa ikatazama juu. Giza lilinikuta nimekwisha kupita Segera. Mtu mmoja alikuja mbele yangu kwa baiskeli. Nilimwona akiinua mkono usoni, akayumba, akatoweka katika majani. Nilisimama, nikamkimbilia. Alikuwa amechubuka goti, na gurudumu la baiskeli yake limepinda.

"Mzee, taa zako," alisema. "Sikuiona tena barabara."

Nilikuwa nimezishusha taa. Hilo ndilo lililoniumiza. Baadaye nilipiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga kwanza. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma mna kiasi cha mita 2.85. Sentimita 5 katika urefu huo ni mwinamo wa digrii 1 tu. Lakini mita 50 mbele, digrii hiyo moja huuinua mwanga karibu sentimita 88. Mwanga uliopasa kulala barabarani ulikuwa umepanda katika macho ya mtu asiyenikosea neno. Nilimlipa gharama ya gurudumu. Lakini laiti angalikutana na lori nyuma yangu, ningalimlipa nini?

Ndipo nilipofahamu kwamba pikapu haikuwa imeinama kwa unyonge. Ilitengenezwa kubeba karibu tani moja, na nyuma yake ilinyanyuliwa ili mzigo ukifika gari lote lilingane. Mwinamo ule ulikuwa nafasi iliyowekewa mzigo ambao haujafika. Nami niliifuta nafasi hiyo kwa kuwa sikupenda kuiona tupu.

Lugha yetu hutumia neno sawa kwa kitu kilicholingana, na hulitumia pia kwa jambo lililo jema na la haki. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba muktadha ndio utenganishao maana hizo. Katika maisha yangu sikuzitenganisha. Simlaumu mtu asiyebeba mzigo akiinua gari lake, madhali atapima magurudumu, atateremsha taa, na atajua anachotoa kwa anachopata. Mimi sikujua, niliona haya tu, na haya ni fundi mbaya.

Nilirudi kwa fundi, akailegeza bolti ya kila upande kama ilivyokuwa. Hakusema neno, wala hakunidai fedha. Leo pikapu inasimama katika uwanja wa chuo pua chini, na vijana huipita bila kuitazama. Safari iliyopita nilikuja na Mama mjini. Alilala usingizi toka Muheza hata Segera.