Bibi wa Nsemulwa na vidonge alivyogawa

Treni ya Mpanda inafundisha subira. Ukitoka Tabora unafika Kaliua, hapo reli inaiacha njia ya Kigoma na kushika ya kusini, kilomita 210 za pori la miombo hadi Mpanda. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo. "Mimi ni mkubwa kuliko treni," alipenda kutuambia.

Mwezi uliopita niliipanda tena. Tulikuwa tunakwenda kuweka msalaba kwenye kaburi lake. Stesheni nilichukua bodaboda hadi Nsemulwa. Nyumba ni ileile ya matofali ya kuchoma, mwembe ni uleule, na kigoda chake kiko chini yake. Nilipofika mlangoni ulimi ukatangulia wenyewe: "Tumsifu Yesu Kristo." Kwake salamu hiyo ilikuja kwanza, shikamoo baadaye. Safari hii hakukuwa na sauti ya kuitikia, "Milele, amina."

Kuhusu umri wake tulibishana miaka mingi. Cheti cha ubatizo kilichokuwa ndani ya kitabu chake cha sala ndicho kilichomaliza ubishi: alizaliwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1934. Alituacha akiwa na miaka 90.

Karema ndiko alikoishi Daktari Adrien Atiman. Mzee huyo alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Bibi alisimulia jinsi mama yake alivyombeba mgongoni, mwili unawaka homa, kwenda kwa Atiman. Nadhani ndiyo maana kwake dawa na sala vilikaa kapu moja.

Aliolewa na kibarua wa reli, wakahamia Mpanda. Alizaa watoto saba, akazika wawili, kisha akamzika mume. Waliobaki aliwasomesha kwa kuuza karanga na migebuka mikavu. Aliiona parokia yake ikiwa chini ya Sumbawanga, akaiona Mpanda ikiwa jimbo mwaka 2000. Alfajiri alisali rozari, na siku ya jumuiya hakosekani. Mtu akiugua mtaani, Bibi alikuwa wa kwanza kufika, chupa ya uji mkononi.

Miaka michache kabla hajafariki, alipimwa zahanati akakutwa na shinikizo la damu. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo nikajipa usimamizi. Kila Jumapili nilipiga simu.

"Bibi, umemeza dawa?"

"Nimemeza, mjukuu wangu."

Nilikata simu nikiwa na amani. Pasaka moja nilikwenda likizo, nikafungua kopo lake la dawa. Ndani nilikuta wembe na vidonge vilivyokatwa nusu, vimefungwa kwenye karatasi. Nusu moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ya mama jirani, ambaye naye aliambiwa ana presha na hakuwa na hela ya dawa.

Nilimsema. Nilimweleza kwamba presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, kwamba nusu dozi inaweza isiishushe, kwamba mwisho wake ni kiharusi. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Ningemezaje chote naye ananitazama?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake asubuhi nilimchukua yule mama tukaenda zahanati. Alipopimwa, mhudumu alimwandikia dawa tofauti kabisa na ya Bibi. Kumbe muda wote alikuwa akimeza dawa isiyomfaa. Binamu zangu na mimi tukakubaliana kuchanga kila mwezi, dawa za wote wawili. Wembe ukarudi kwenye kazi ya kukata kucha, na Bibi akarudi kwenye kidonge kizima.

Bado najilaumu kwa simu zile. Hakunidanganya, alimeza kweli. Swali langu ndilo lilikuwa la mtu aliye mbali.

Mzazi unayesoma hapa, ukiwa na mama au bibi kijijini, usiishie kuuliza kama amemeza. Ukienda, omba uone dawa zenyewe, hesabu zilizobaki, soma kadi ya kliniki. Muulize kwa upole anakula na nani na nani anamtegemea. Dawa za presha hazigawanwi hata kwa upendo, kwa kuwa kila mgonjwa hupewa kulingana na vipimo vyake. Na kama anamgawia mtu, usimkataze tu. Msaidie huyo mtu apate za kwake.

Siku ya kuweka msalaba tulikuwa wengi, watoto, wajukuu na vitukuu. Yule mama jirani alikuja akiegemea fimbo, akaketi mbele kabisa. Ndiye aliyetuanzishia rozari.