Mnunuzi Aliyelala Chini ya Gari

Mtu akija kutazama Pijo 504 akaanza kusifia rangi, mimi humkaribisha chai, tukazungumza habari za dunia, na moyoni najua hapa hakuna biashara. Mpenzi wa kweli wa magari haya hana haja na rangi. Akishaamkia tu, hupitisha kiganja juu ya boneti kuona kama kuna joto. Muuzaji mjanja huwasha injini mapema kabla mgeni hajafika, maana injini ikishapata moto huwaka bila taabu. Ikiwa imelala usiku kucha, haina siri.

Nimeishi na magari haya Mombasa tangu ujana: nanunua, nafungua, nafunga, na mara mojamoja nauza. Gari ninalolisimulia ni stesheni wagoni, ile ndefu ya safu tatu za viti, ndugu ya zile zilizokuwa zikibeba abiria kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu. Injini ni ya cc 1,971, gia ziko kwenye usukani, namba ni ya kabla ya mfululizo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Kwetu Kenya namba hubaki na gari, haiondoki na mwenyewe, na kwa wapenzi hilo peke yake lina bei.

Jirani yangu aliniuliza nawezaje kudai pesa zote zile kwa gari lenye umri wa mtu mzima. Nikamwambia ahesabu. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, wala la usukani wa kushoto, na Ufaransa kwenyewe 504 zote usukani uko kushoto. Kwa hiyo zilizopo Kenya ndizo hizohizo. Moja ikienda kwa watu wa vyuma chakavu, haiji nyingine.

Wa kwanza kufika alikuwa dalali. Alizunguka gari mara moja, akataja bei nzuri, akauliza kama naweza kumtolea safu ya tatu ya viti ili mteja wake apate nafasi ya mizigo. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Baadaye akaja mwalimu wa sekondari kutoka Voi. "Shikamoo, mzee." Mkononi alikuwa na kipande cha kartoni, tochi, na sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa isije ikakwaruza. Hapo nikajua nimepata mtu. Sumaku hunata kwenye bati. Ikifika mahali palipozibwa kwa puti, inateleza na kuanguka. Akaanza nayo mlango wa nyuma, akashuka kwenye kingo za chini ya milango, mahali ambapo upepo wa chumvi wa pwani yetu hula gari kimyakimya huku juu linang'aa.

Kabla hajafika mbele nikamwambia, "Nyuma ya gurudumu la kushoto hapo kuna kiraka. Nilikata bati bovu nikachomelea jipya. Picha ninazo." Akaniangalia, akaendelea na sumaku yake vilevile. Alifanya sawa. Lakini tangu hapo kila alipokuta kitu aliniuliza, hakukisia. Mnunuzi wa kawaida ukimwonyesha kasoro, anapunguza bei. Mpenzi ukimwonyesha kasoro, anapunguza wasiwasi, kwa sababu anajua gari la umri huu lisilo na kasoro yoyote ni gari ambalo mwenyewe hajalichungulia chini.

Akatandika kartoni, akalala chali, akapotea hadi miguu tu ikabaki nje. Nikamsikia akigonga springi za nyuma. Stesheni wagoni ina nne, mbili kila upande, ndiyo maana ilibeba watu na magunia bila kukaa chini kama kuku anayetaga. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye kola na furaha usoni.

Kisha akaomba tuwashe injini tuiache ingurume palepale, tusiende popote. Wengi hukimbilia barabarani. Yeye alisimama mbele ya rejeta akitazama feni. Feni ya 504 ina klachi ya sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi inazunguka kivivu tu, yakipata moto inashikwa na kuanza kazi. Kifaa hicho kikisumbua, mafundi wengi hubana boliti zake feni ikazunguka muda wote, basi. Gari linakwenda, ila linakula mafuta na kupiga kelele. Tulisimama wawili kimya, mshale wa joto ukapanda, mara *tak*, feni ikashika. Mwalimu akacheka kwa sauti. Mke wangu alichungulia dirishani kuona kuna nini.

Majina ya Safari Rally alikuwa nayo yote kichwani: Ove Andersson na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas na ile kupe ya V6 mwaka 1978. Nikamwongezea Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967. Alikuwa analijua na hilo.

Kilichomaliza maneno lakini ni daftari. Kila oili niliyobadilisha, kila plagi, risiti zimebanwa kwa pini. Alitulia kwenye ukurasa wa gasketi ya hedi. Hedi ya injini hii ni aluminiamu, bloki ni chuma cha kusubu. Ikichemka, hedi hupinda. Akauliza nani aliisawazisha, nikamtajia fundi, akaandika simu yake.

Bei tulikubaliana kwenye chai ya pili, chini kidogo ya ile ya dalali. Wala sikuona ni sadaka: daftari lile kwa dalali lingekuwa karatasi za kufungia maandazi. Uhamisho wa umiliki tukaufanya kwenye mtandao wa serikali, mimi nikianzisha, yeye akikubali, na sikumkabidhi ufunguo hadi nilipoona imekamilika. Urafiki mbali, logbuku mbali. Gari likigonga mtu huku jina ni lako, utaitwa wewe.

Nilimpa na sanduku la spea: kabureta ya Solex, taa mbili, vioo vya indiketa. Wako wauzaji wanaomwekea mnunuzi masharti, usibadilishe hiki, usiguse kile. Mimi naona pesa ukishapokea, mdomo ufungwe. Juzi amenipigia akitaka kuweka gia boksi ya 505, ya gia tano, injini ipumue kwenye barabara ya Nairobi. Nimemwambia gia zitatoka kwenye usukani, itabidi atoboe sakafu, na mimi nisingefanya. Halafu nikampa simu ya mtu wa Changamwe aliye nayo moja, nzima, nikamwambia asikubali bei ya kwanza.