Mtambo Usiokuwako Changamwe

Kwa miaka minne niliwafundisha vijana wa kidato cha nne jambo lisilo la kweli, tena kwa sauti ya kujiamini. Niliwaambia kuwa katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, molekuli kubwa za mafuta mazito huvunjwa zikawa ndogo.

Jaribio lenyewe nililifanya vizuri. Ndani ya neli ya kioo niliweka pamba isiyoshika moto, imeloweshwa parafini nzito inayouzwa maduka ya dawa. Mbele yake vigae vya chungu, na moto mkali chini ya vigae. Gesi ilipita majini ikakusanywa, na maji ya bromini yaliyokuwa rangi ya machungwa yakapauka mara moja. (Ukizima moto kabla ya kuutoa mrija majini, maji hufyonzwa na kuipasua neli. Nilipasua mbili ndipo nikashika adabu.) Ubaoni niliandika dekani, kaboni 10 na hidrojeni 22, ikivunjika hutoa oktani, kaboni 8 na hidrojeni 18, na etheni, kaboni 2 na hidrojeni 4. Hesabu ilitimia, nami nikaona nimemaliza.

Mwaka 1981 kijana mmoja, ambaye baba yake alifanya kazi pale, alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, baba anasema pale hawavunji, wanatenga tu." Nikamtoa nje hadi kipindi kikaisha. Wenzake walicheka, nami sikuwakataza.

Muhula uliofuata nikalipeleka darasa Changamwe. Mhandisi akatuonyesha mnara: mafuta ghafi hupashwa moto, mvuke hupanda, na kila aina hutengwa kwa kiwango chake cha kuchemka. Ni kama kuchekecha mchele, chenga huku na mzima kule. Hakuna punje inayotwangwa. Mafuta mazito yaliyobaki yaliuzwa kwa meli na matanuri ya viwanda. Nikauliza mtambo wa kuvunja uko wapi.

"Hatuna, mwalimu."

Wala haukujengwa, hadi kiwanda kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013.

Kijana yule alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Hakusema neno, aliangalia viatu vyake tu, na adabu ile ndiyo iliyoniuma.

Jumatatu nililiambia darasa ni nani aliyekuwa amekosea, kisha nikampa chaki aeleze tofauti ya kutenga na kuvunja. Alieleza kwa dakika kumi, kwa mchele ule ule. Alipomaliza, alinirudishia chaki kwa mikono miwili.